Bembea Nyuma ya Tangi la Maji

Kazi yangu ni kupanga kurasa katika duka la uchapishaji River Road, ghorofa ya pili, juu ya watu wanaouza mifereji ya maji. Mara nyingi ni ratiba za mazishi na kadi za harusi. Ndiyo maana nakumbuka vizuri asubuhi ile bosi aliponiletea rasimu ya sera ya serikali kuhusu michezo ya watoto.

"Inatakiwa Ijumaa," akasema.

Kwa kawaida sisomi ninachopanga, maana nikisoma nachelewa. Lakini ukurasa mmoja ulisema kila jengo la kupangisha lazima litenge mahali pa watoto kuchezea. Mikono ikasimama. Nina binti, wakati huo alikuwa na miaka minane. Tunaishi Kileleshwa, ghorofa ya nne, katika jengo ambalo uwanja wote ni maegesho ya magari. Wiki hiyo hiyo keateka, mwangalizi wa jengo, alikuwa amemnyang'anya kamba ya kuruka kwa sababu ilikaribia kugonga kioo cha gari.

Nilichapisha nakala ya ukurasa ule nikampelekea keateka jioni.

"Madam, hii ni kitu ya serikali," akaniambia, akinirudishia kabla hajafika mwisho. "Mimi ni mtu wa geti. Na hapa juu wameandika rasimu."

Alikuwa sahihi. Neno lile nilikuwa nimelipanga mwenyewe, kwa herufi kubwa, juu ya kila ukurasa.

Kijitabu hicho cha rasimu kiliwakaribisha wananchi kutoa maoni katika ukumbi mmoja katikati ya jiji, Jumanne saa nne asubuhi, saa ambayo wazazi wako kazini na watoto wako darasani. Niliomba ruhusa nikaenda. Tulikuwa wachache, wengi wakiwa watu wa mashirika waliokuwa wakijuana. Kipaza sauti kilinifikia saa saba.

"Kama jengo lilishajengwa," nikauliza, "na mwenye nyumba hataki, mimi nimwendee nani?"

Afisa aliyekuwa mbele alitabasamu. "Swali zuri sana, mama. Tumeliandika."

Kipaza sauti kikapewa mtu mwingine. Nilibaki nimesimama nikingoja jibu, mpaka mama aliyekaa nyuma yangu akanivuta sweta niketi. Nilitoka pale nikiwa na hasira hadi nikapitiliza kona ya duka letu.

Sera ilipitishwa mwaka uliofuata. Miezi kadhaa baadaye mafundi wakaja kwetu. Walibomoa kibanda cha takataka nyuma ya tangi la maji, wakatandika zulia la plastiki la kijani, wakasimika bembea moja, wakazungusha waya. Binti yangu aliwatazama kutoka dirishani siku tatu. Ya nne akashuka mbio, akakuta kufuli.

"Itakuwa inafunguliwa Saturday, saa nne mpaka saa sita," keateka akaniambia. "Ufunguo iko kwa mama mwenye nyumba, Loresho."

"Na nani anauleta?"

"Bado hajaleta."

Nilikwenda Loresho Jumamosi hiyo. Mama mwenye nyumba alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. Alinipa chai na mkate. Uani kwake nyasi zilikuwa zimekatwa sawasawa mpaka mwisho wa ua, na hapakuwa na mtoto hata mmoja.

"Sikatai, msichana wangu," akasema. "Watu wa serikali walikuja wakapima, wakapiga picha, nikapewa karatasi yangu. Lakini mtoto akivunjika mkono pale, mimi ndiye nitashtakiwa."

"Mama, sasa hivi wanacheza kwenye ngazi. Huko ndiko watavunjika."

"Ngazi si mahali pa kucheza."

Nilimwambia nitawasimamia mwenyewe. Alifikiri, akaingia ndani, akatoka na ufunguo. Tujaribu mwezi mmoja, akasema.

Jumamosi ya kwanza walishuka watoto kumi na mmoja kwa bembea moja. Wengine wanaishi mlango wa tatu kutoka kwangu na sikuwa nimewahi kuwaona. Jumamosi ya tatu mwanamume wa ghorofa ya kwanza alitoka, macho mekundu. Bembea iko chini ya dirisha lake. Akanieleza, bila ukali, kwamba analinda usiku na hana saa nyingine ya kulala. Habari zikafika Loresho. Jumatatu keateka alikuja kuuchukua ufunguo, akitazama viatu vyake.

Nilirudi kwa maofisa wa sera ile, ofisini kwao. Safari hii kijana mmoja alifungua kompyuta akatafuta jengo letu.

"Kwenu mko sawa," akasema. "Mmewekewa tiki."

"Pamefungwa."

"Sera inasema patengwe, mama. Haisemi pafunguliwe."

Nilitaka kubisha, lakini kijitabu kile nilikipanga mstari kwa mstari. Kweli hakisemi.

Nimeandika barua ya kuomba sentensi ya kusema pafunguliwe iongezwe. Majirani tisa wametia sahihi, hata yule mlinzi wa ghorofa ya kwanza, mradi bembea ihamishwe kutoka dirishani kwake. Ilipokelewa, ikapigwa muhuri, na kila nikienda naambiwa iko kwa mkubwa. Binti yangu ametimiza miaka kumi na moja. Juzi nilimweleza kuhusu barua. Akaniuliza kama bembea ile ni ya watoto wadogo, nikasema ndiyo, akarudi kwenye simu yake.