Wadudu wa Mama

Harufu ya udaga, ule muhogo uliovundikwa na kuanikwa juani, wengine huikimbia. Mimi nikiisikia hutulia. Nilikulia Buhongwa, upande wenye miamba, na juu ya miamba hiyo mama alianika udaga wake hadi harufu ikatufuata darasani. Ndiyo maana naukumbuka vizuri ule msimu wa kiangazi ambao miamba ilikaa mitupu. Utitiri ulikuwa umeingia shambani. Ni vijidudu vidogo mno, huvioni mpaka uinamie jani, lakini vilinyonya majani yakajaa madoa ya njano, yakapukutika, na mashina yakabaki yamesimama kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwashwa. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia baada ya kuugua muda mrefu, na ugonjwa wake nyumbani haukuwahi kutajwa jina. Sasa mama naye alianza kukonda. Nilijipa moyo kwamba ni njaa, maana chakula kidogo kilichopatikana alitusukumia sisi.

Asubuhi moja nilikuwa bombani na ndoo yangu. Jirani yetu Mama Suzi, ambaye mdomo wake haukujua likizo, hakuniona.

"Mama Kabula ana wadudu," alimwambia mwenzake. "Kasema mwenyewe kwa bwana shamba. Tena anawatunza!"

Wakacheka. Kabula ni mimi, na mimi sikucheka. Miaka ile mtu akisemwa ana wadudu, hakuna aliyefikiria shamba. Ilikuwa njia ya kuutaja ugonjwa ule bila kuutaja. Nikarudi nyumbani na ndoo tupu.

Wiki nzima niliogopa kama sijawahi kuogopa maishani. Mama akikohoa, niliacha kutafuna ili nisikilize kama kitafuata kikohozi kingine. Nilimkagua shingo alipoinama kuwasha moto, nikiilinganisha na shingo ya baba ya siku za mwisho. Sikumwambia mtu. Nilihisi nikilitamka tu, litakuwa kweli.

Kisha mama akavaa kitenge chake cha kanisani, akachukua ndoo na kitambaa.

"Kabula, angalia wadogo zako. Naenda Igoma kwa bwana shamba, nikachukue wadudu wengine."

Nikaangua kilio. Nilimng'ang'ania kitenge, nikamsihi asiende, nikamwambia watamuua kama walivyomuua baba. Uso wa mama ulibadilika. Hakunikaripia. Aliweka ndoo chini, akanishika mkono hadi shambani, kwenye safu ya mwisho. Akakiinamisha kilele cha muhogo, akayafumbua kwa ukucha yale majani machanga yaliyojikunja.

"Inama uone."

Kitu kidogo, cheupe kama maji ya mchele, kilikimbia kujificha.

"Hawa ndio wadudu wangu. Wanakula utitiri. Bwana shamba ananikatia vilele vilivyo nao, nakuja kuvifunga kwenye muhogo wetu."

Nilicheka huku kamasi zikinitoka. Nikamuuliza kama wataumaliza utitiri wote.

"Hawaumalizi," alisema, macho yake kwenye jani. "Wanaupunguza makali, muhogo unaishi nao."

Mvua ziliporudi, majani yalichipua, na baadaye udaga ukarudi miambani. Mama naye akanenepa kidogo, na sifa zote nikawapa wale wadudu.

Nilikuwa nimeshaolewa na nina mtoto mama aliponiita chumbani kwake, akanionyesha kopo la dawa. Alikuwa akizinywa tangu kiangazi kile kile. Kumbe kila alipokwenda Igoma, kabla ya kufika kwa bwana shamba, alipitia kliniki. Nilikasirika, nikamuuliza kwa nini alinidanganya.

"Sikukudanganya," alisema. "Uliniuliza, nikakujibu. Wewe ukatazama muhogo."

Siku hizi Buhongwa imejaa nyumba za bati jipya. Shamba limebaki kipande nyuma ya nyumba ya mama, na nikienda kumsalimia bado nafumbua kilele kimoja kuangalia kama wamo. Nywele zake zimekuwa nyeupe, na kuhusu dawa zake husema mwenyewe bila kunong'ona, hata mbele ya Mama Suzi. Mimi bado naogopa. Kila jioni nampigia simu kutoka mjini, na akichelewa kupokea, napiga tena na tena.

"Shikamoo mama. Umekunywa?"

"Marahaba. Nimekunywa, Kabula. Sasa niache nianue udaga."