Wifi Yangu Ndani ya Chumba cha Joto

Wifi yangu, dada wa mume wangu, amepiga pasi kwa dobi miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo hajawahi kuingia kwangu bila kunichoma. Kwanza huangalia kola ya shati la kaka yake, kisha hunitazama mimi. Anaivuta ile kola kwa vidole viwili, anaguna, anaketi. Mimi naye hatuivi chungu kimoja, na sitajifanya hapa kwamba tunaiva.

Ila kazi anaijua, hilo siwezi kumnyima. Nimemwona kwenye kile chumba cha nyuma kisicho na dirisha, amefunikwa na mvuke, anamaliza suruali ya kumi na mbili wakati mwenzake yuko kwenye ya tano. Na nimeona jambo jingine: hanywi maji. Mle ndani hakuna anayekunywa. Choo kiko ng'ambo ya ua, na ukiiacha meza, mwenye duka anakuja kukuuliza kama umeajiriwa kupiga pasi au kutembea. Kwa hiyo wamejizoeza kukaa na koo kavu tangu wanafungua mpaka wanafunga. Wifi anajisifia jambo hilo utadhani ni cheo.

Mwaka huu bega lake la kulia liligoma. Akinyanyua mkono kutundika koti kwenye bomba la juu, mkono unaishia usawa wa sikio. Mwenye duka akampa mpaka mwisho wa mwezi: ama mkono unyanyuke, ama ahamie kaunta kupokea nguo chafu, na pasi apewe mwingine. Wapo ambao wangeshukuru. Kwa wifi, kukabidhi ile pasi ni sawa na kuzikwa mzima.

Mteja mmoja wa pale, mwalimu wa yoga ya joto, ile inayofanywa ndani ya chumba kilichopashwa moto, ndiye aliyemwambia kwamba kunyoosha viungo polepole kungelisaidia bega, akamkaribisha darasani. Lakini alikuwa na sharti. Anayeanza haingii peke yake. Anakuja na mtu wa kumtazama, kwa sababu aliyezidiwa na joto huwa wa mwisho kujua. Wifi akahesabu watu wake, akakuta ameshagombana na wote. Nikabaki mimi, ambaye pia tumegombana lakini sina pa kukimbilia. Hata kuniomba hakuniomba. Alimtuma kaka yake.

Siku yenyewe alikuja kwangu asubuhi, akakaa kutwa nzima kuikosoa nyumba yangu, na alasiri tukaenda. Mwalimu, msichana mwembamba mwenye sauti ya chini, alituweka kwenye benchi la ukumbini, nje ya chumba cha darasa, akatueleza taratibu. Mle ndani joto linafika nyuzi thelathini na nane. Maji yanywewe tangu asubuhi, si kugugumiwa mlangoni. Tukae karibu na mlango. Kichwa kikizunguka, tukae chini papo hapo, wala hakuna atakayetucheka. Na mtu jasho likimkatika ghafla huku bado anaungua, huo si ushujaa, atolewe nje haraka. Wakati wote huo wifi alikuwa anaangalia dari.

"Mwanangu, mimi nimekaa kwenye mvuke miaka kumi na tisa," alimwambia. "Wewe joto umelisoma."

Mwalimu hakubishana naye. Alitukabidhi fomu. Palipoulizwa maradhi na dawa, wifi akaandika hakuna, kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake. Palipoulizwa aitwe nani akizidiwa, akapaacha wazi.

Ulikuwa uongo. Vidonge vyake vya presha nilivikuta zamani kwenye mkebe wa vifungo, siku niliyokwenda kwake kutafuta kifungo cha shati. Na maji hakuwa amegusa hata tone, nilishinda naye. Aliponyanyua kichwa kutoka kwenye fomu macho yetu yakakutana, nami nikafunga mdomo. Sikuufunga kwa kumstahi. Nilitaka aanguke kidogo. Miaka yote ameniangalia kutoka juu, nilitaka nimwone yuko chini mbele za watu.

Ndani hewa ilikuwa nzito, na vioo vilikuwa vimefunikwa na ukungu. Dakika ya kumi kichwa kikaanza kunizunguka, nikakaa kwenye mkeka kama tulivyoagizwa. Wifi alinitazama kupitia kioo akabinua mdomo. Yeye alisimama. Kila mkao alioonyeshwa aliushika, akazidisha. Mwalimu akimwambia alegeze, anakaza. Nilimchukia vizuri kabisa, na nikaendelea kumtazama kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa.

Ndipo nikaiona shingo yake. Watu wote mle walikuwa wanatiririka. Shingo ya wifi, iliyokuwa inang'aa kwa jasho dakika chache kabla, sasa ilikuwa kavu. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, na mkono wa kushoto, ule mzima, ulikuwa unapapasa hewani kama anayetafuta meza.

Nilijua maana yake. Bado nilikaa. Kama pumzi mbili hivi, labda tatu, nilikaa nikasubiri nilichokitaka. Halafu hofu ikanishika nikasimama.

"Mwalimu, mtoe," nilisema. "Ana presha. Anameza dawa. Na hajanywa maji tangu asubuhi."

Darasa zima lilisikia. Mwalimu alimdaka kabla hajaanguka. Tukamlaza kwenye ukumbi wenye baridi, miguu juu ya kiti, vitambaa vya maji shingoni na kwapani. Alipojua alipo, akapewa maji kidogo kidogo, kisha tukampeleka hospitali. Njiani kote hakunitazama.

Daktari alimkataza kile chumba. Kunyoosha viungo ruhusa, alisema, lakini pasipo moto, na maji anywe kutwa. Mwalimu akakubali kumfundisha asubuhi, mashine za joto zikiwa hazijawashwa. Kwenda na kurudi kwa daktari kulikuwa kumekula karibu nusu ya mwezi. Zilibaki siku tisa, na mkono ulikuwa bado usawa wa sikio.

Safari hii alinipigia simu mwenyewe. Alitaja saa, akakata.

Tulikaa kwenye benchi lile lile. Mwalimu alipoleta fomu mpya, wifi aliipokea akaitupa mapajani pangu.

"Jaza wewe," alisema. "Siku ile ulijua toka hapa mlangoni, ukanyamaza. Nilikuona."

Aibu ilinijaa mpaka masikioni. Nikashika kalamu nikaandika presha, nikaandika jina la vidonge, nikaandika bega. Yeye alifungua chupa ya maji akawa anakunywa funda moja moja, kwa chuki, uso ameugeuzia ukutani. Nilipofika pale anapotajwa mtu wa kuitwa, nikamuuliza niandike nani.

"Yupo mwingine?" alisema.

Nikaandika jina langu. Aliinama akalisoma, akaivuta ile karatasi kwa vidole viwili, akaguna.