Mfuniko wa Tangi

Anayetaka kuyajua maisha ya Lesian, fundi wa magari ya petroli pale Mbauda, auangalie mwili wake. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilibaki kwenye feni ya Datsun. Kifuani ana baka la maji ya rejeta yaliyomrukia alipofungua mfuniko kwa pupa ya ujana. Kovu la utosini aliachiwa na bwana aliyemfundisha kazi, mtu aliyefundisha kwa mpini wa nyundo. Ukibahatisha ugonjwa wa injini, unapigwa. Ukisikiliza kwanza, unaachwa. Lesian alipigwa mno kabla hajajua kusikiliza.

Enzi hizo gari likiingia gereji, watu walinyamaza. Fundi aliinama, akaegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, na mwenye gari akashusha sauti kana kwamba yuko kanisani. Siku hizi mwenye gari anakuja na jibu lake tayari. Anachotaka kwa fundi ni kuitikiwa.

Eliasi wa Akheri alikuja na jibu lake limefungwa kamba. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Pikapu kuukuu ya Pijo, iliyoachwa na marehemu baba yake, ilikohoa langoni ikazimika. Nyuma, juu ya majani ya ng'ombe, alilala Thomasi, mdogo wake wa tumbo moja, mikono imefungwa kwa kamba ya kuvutia magari, mdomo umepasuka.

Eliasi hakuamkia. Alishuka na spana ya tairi mkononi.

"Fundi, fungua tangi watu waone sukari aliyoweka huyu mbwa. Halafu mniachie."

"Sijaweka kitu, kaka," Thomasi akasema, na damu ikamtoka pamoja na maneno.

"Nyamaza! Kwenye matanga ulisema nini?"

Alichosema kila mtu wa Akheri alikuwa anakijua. Ukoo ulipompa Eliasi gari, Thomasi, akiwa amelewa, alisimama mbele ya wafiwa akasema gari hilo halitamfikisha kaka yake popote. Kesho yake Eliasi, kwa hofu, aliliwekea tangi mfuniko wa ufunguo. Haukupita muda, gari likaanza kuzimika kila likipanda mlima. Likipumzishwa linawaka, likienda kidogo linakufa tena.

Watu walijaa upesi kuliko nzi. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki zao. Mmoja akaviringisha tairi bovu kutoka ukutani mwa gereji, akalilaza karibu na pikapu, akalipigapiga kwa kiganja.

"Mzee, fanya chap! Tairi hili hapa!"

"Hilo tairi ni langu," Lesian akasema. "Lirudishe."

Walimcheka. Kulikuwa na wakati mzee akisema rudisha, kinarudishwa.

Lesian alifungua boneti. Alichomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma, akaomba stata ipigwe. Moto ulikuwepo, wa bluu, mkali. Ila plagi yenyewe ilikuwa kavu na nyeupe kama mfupa. Injini hii haikulishwa sumu. Ilikuwa na kiu. Akaingia chini ya gari, akachomoa mpira wa mafuta pale unapotokea kwenye tangi, akakinga chupa. Petroli ilitoka kwa nguvu, ikalegea, ikawa matone, ikakoma. Akaligonga tangi kwa ngumi. Lilikuwa limejaa.

Akatoka na chupa juu, safi, haina hata chembe. Mama Kandida, muuza chai wa langoni, alimpa kijiko cha sukari. Lesian akakimimina ndani, akatikisa. Sukari ilizama ikatulia chini kama mchanga.

"Petroli haiyeyushi sukari. Ingekuwemo mngeiona."

"Ameshahongwa huyo!" sauti ikatoka nyuma, na jiwe la kwanza likampiga Thomasi begani.

"Eliasi," Lesian akasema, "nipe ufunguo wa tangi."

"Wa nini?"

"Mfuniko huu si wa gari hili. Umeutoa wapi?"

"Kwa wauza vyuma. Nikauzungushia mpira wa tyubu, nikaziba tundu lake kwa gundi ya chuma. Nimwachie mwanya?"

"Nipe ufunguo."

Badala ya ufunguo Eliasi aliinua spana, akamwendea ndugu yake. Lesian alijitupa katikati. Chuma kilimpata sikio la kulia, lile la bisibisi, akasikia kitu kinapasuka ndani kama kioo, kisha upande ule ukawa kimya. Alianguka na Eliasi, akamng'ata mkono hadi spana ikadondoka, na ufunguo ukaruka kutoka mfukoni. Mama Kandida aliukanyaga kabla kijana yeyote hajainama, birika la chai ya moto likiwa mkononi mwake.

"Anisogelee mmoja nimmenye uso!"

Yeye ndiye aliyefungua. Tangi lilivuta hewa kwa mlio mrefu, kama mtu aliyeachiwa koo. Lesian, damu ikimshuka shingoni, alirudisha mpira na plagi, akapiga stata mpaka injini ikawaka. Haikuzimika tena. Wakangoja, wakangoja.

"Tangi linahitaji tundu la kuingizia hewa," akasema. "Uliliziba mwenyewe."

Vijana walitawanyika wakinung'unika, kama watu waliofika arusini wakakuta chakula kimeisha. Lesian alimkata Thomasi kamba, akidhani sasa mambo yamekwisha. Thomasi alijinyoosha vidole, akaiokota spana, akampiga kaka yake mdomoni mara moja, kwa utulivu, kama anayegonga mlango. Kisha akaketi kwenye usukani.

Waliondoka pamoja, tangi limezibwa kwa kitambaa, mmoja anaendesha, mwingine anatema meno dirishani. Hakuna aliyesema pole, wala asante.

Leo gari likija, Lesian anashika nondo kwa meno, ncha ya pili anaiweka kwenye injini, anasikia kwa mifupa ya taya. Waliosimama pembeni wanapiga soga na kucheka. Sikio lililobaki analiziba kwa kidole.