Kahawa ya Kaaka na Sindano ya Mugisha

Enzi zetu sisi tuliokulia Ihembe, ukiona mtoto mwenzako anakimbilia migombani bila kugeuka nyuma, huulizi. Unakimbia na wewe. Ama senene wameanguka, ama gari la sindano linapandisha kilima.

Jamani, lile gari! Watoto wa leo wakiona gari wanasogea wapigwe picha nalo. Sisi tulilisikia tangu likiwa bondeni linakoroma kwenye matope, na kabla halijafika shuleni darasa lilikuwa tupu, mwalimu kabaki na chaki yake. Tulilala kifudifudi chini ya migomba, majani makavu yanatuwasha tumboni, kila mtu anamziba mwenzake mdomo. Wakubwa walikuja kututoa mmoja mmoja kwa sikio. Ukishachomwa unalia mpaka kamasi zinafika kidevuni, halafu dakika hiyohiyo unakuwa shujaa, unawacheka walio kwenye foleni. Jioni tulipanga mabega kushindana nani ana kovu kubwa la ile sindano ya uchanga. La kwangu lilikuwa kama harage. Nilitamba nalo mwaka mzima.

Tulikuwa na raha zetu. Mpira wa majani makavu ya mgomba, umefungwa kwa kamba za mgomba hukohuko, ukiupiga kwa nguvu unafumuka angani kama kuku aliyeshtuka. Ndizi mbivu tulifukia kwenye jivu la moto, tukazitoa zimelowa utamu, tukaungua vidole na hatukujali. Tulitembea kwenda shule na dumu la maji, jembe na kuni, na tukifika tulikuwa bado na nguvu za kupigana. Kijana wa siku hizi akitembea kutoka Bugene mpaka Kayanga, sehemu ambayo ukipiga chafya huku unaitikiwa kule, anaweka kwenye simu eti amechoka. Umechoka na nini, wewe?

Lakini leo nataka nimsemee Kaaka, bibi yangu mzaa baba. Nataka kumsemea kwa sababu nimechoka kusikia watu wakikaa kwenye saluni yangu, nawasuka, wanasema bibi zetu walikuwa wajinga ndiyo maana walikataa chanjo. Siku hizo mkono wangu unavuta nywele kuliko inavyotakiwa. Samahani kwa waliolia.

Nyumbani kwa Kaaka hakuna aliyeingia akakaa bila kupewa kahawa ya kutafuna. Wenzangu mnaijua, akamwani, punje zilizochemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa juani, zikawekwa kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko. Kaaka alifungua kikapu, akachukua yeye kwanza, akatafuna mbele yako, halafu akakusogezea. Maana yake: nyumba hii haina sumu, na wewe huna kisu. Hata kama hutaki, hata kama meno yanauma, unachukua punje moja, unaishika, unaificha mfukoni. Hakuna mtu anayekataa. Kaaka alikuwa akituambia, "Asiyetafuna na wewe, usimpe mgongo."

Sasa akaja nesi. Alitoka mikoa ya mbali, Kiswahili chake kama cha redioni, viatu vyeupe. Kliniki ya watoto ilikuwa inafanyika kwenye baraza la kanisa letu la Kilutheri, na kabla ya siku yenyewe alipita nyumba kwa nyumba kuhimiza. Kwetu kulikuwa na mdogo wangu Mugisha, mtoto wa kukaa, mashavu kama maandazi, amefikia umri wa sindano ya surua. Kaaka akamkaribisha nesi, akafungua kikapu, akatafuna, akamsogezea.

Nesi akatabasamu vizuri kabisa. "Asante bibi, nimeshiba."

Mimi nilikuwa mlangoni, nilisikia mfuniko wa kikapu ukirudi mahali pake. Nani anashiba kahawa? Ni punje! Kaaka alimsindikiza mpaka njiani kwa adabu zote, na aliporudi akasema kwa Kinyambo chetu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mchana habari ilikuwa kwamba nesi kakataa kahawa. Jioni ikawa kakataa kwa sababu anajua alichobeba. Kesho yake pale chemchemi ikawa sindano ile inafunga kizazi cha watoto wa kike na kuwadumaza wa kiume. Na Kaaka ndiye aliyewazalisha nusu ya akina mama wa pale. Yeye akifunga kikapu, nyumba zote zimefunga mlango. Siku ya kliniki nesi alikaa barazani na boksi lake la bluu lenye barafu mpaka barafu ikawa maji.

Halafu surua ikaingia.

Ilianzia kwa jirani yetu Mama Asimwe. Asimwe mwenyewe alikuwa mtoto anayekimbia tayari, alikuwa akinifuata nyuma nikienda kukata majani ya mbuzi. Macho yakawa mekundu, kikohozi, halafu vipele mwili mzima. Wakaziba dirisha kwa kanga ili mwanga usimuumize. Na hawakumpeleka zahanati, kwa sababu kila mtu kwetu alijua, wewe pia ulijua usinidanganye, kwamba mgonjwa wa surua akichomwa sindano, surua inarudi ndani na kumuua.

Mama yangu hakulala. Baba alikuwa Kyerwa kwenye machimbo ya bati, anarudi akipata nafasi. Na kwetu mke hamtoi mtoto nje ya boma bila mama mkwe kusema ndiyo. Nilimwona mama akizunguka pale jikoni, Mugisha mgongoni, mpaka akapata ujasiri.

"Mama, kesho nesi anakuja tena kanisani. Nilikuwa naomba nimpeleke Mugisha."

Kaaka anamenya ndizi, kisu hakisimami. "Kwa yule aliyeshiba?"

"Mama, surua iko hapo kwa Asimwe."

"Nimeiona. Na mimi nina macho."

"Basi, Mama..."

"Sindano ya kwanza ilimpa joto siku mbili, nani alikesha naye? Si mimi na wewe? Mwenye mtoto yuko machimboni. Akirudi akute mwanawe kalegea, nimwambie nini? Nimwambie mkeo alimpeleka kwa mtu asiyetafuna na sisi?"

Mama akageukia jiko. Machozi yake yalidondokea kwenye sufuria ya maharage, na tuliyala hayohayo.

Asimwe alifariki wiki hiyo. Walimzika migombani nyuma ya nyumba yao, kajeneza kadogo ambako mwinjilisti alikabeba peke yake. Kaaka alirudi kutoka mazishini, akakaa kwenye mkeka, hakula. Kikapu cha kahawa kilikuwa pale pembeni na hakukigusa. Mugisha akatambaa mpaka kwake, akamshika kidole. Kaaka akamwangalia muda mrefu mno.

Mama yangu hakuvunja neno la mkwe wake. Lakini hakuna aliyemkataza kuteka maji. Alijua nesi naye anateka chemchemi ileile jioni, maana bomba la zahanati alikokaa lilikuwa limeharibika. Nilikuwepo na dumu langu. Alimsogelea akamwambia bila kuzunguka, "Dada, ulikataa kahawa."

"Kahawa ipi?"

"Ya mama mkwe wangu. Ukasema umeshiba."

Nesi akaweka ndoo chini. "Mungu wangu. Mimi nilidhani ni kama karanga! Kwetu ukikaribishwa na umeshiba, unasema umeshiba, ndiyo adabu." Akashika kichwa. "Ndiyo maana hawakuja? Kwa hilo?"

"Kwa hilo," mama akasema. "Na mtoto wangu bado."

Mimi nilikuwa nimemchukia yule dada, nilikuwa nimepanga na wenzangu tumrushie maembe mabichi. Lakini pale alipokaa kwenye jiwe na kuanza kulia kwa ajili ya Asimwe, chuki ikaniishia yote. Na ndiyo ninachowaambia wanaowatukana bibi zetu: hebu niambieni, nani alimweleza mgeni huyu chochote kabla hajatumwa kwetu? Walimpa boksi la barafu, wakampa na gari. Hakuna aliyempa neno moja kuhusu watu anaokwenda kuwachoma watoto wao.

Kesho yake alikuja kwa miguu, peke yake, kajifunga kanga, mikono mitupu. Alipofika mlangoni akapiga magoti kama wanavyosalimia wake wa kwetu.

"Shikamoo, Kaaka."

"Marahaba."

Kuku wanapita katikati yao.

"Sijaja kuchoma mtu. Nimekuja kuomba ile kahawa niliyoiacha."

"Siku ile ulikuwa umeshiba."

"Siku ile nilikuwa sijui, Kaaka. Leo nina njaa."

Kaaka akageuza uso nikajua anaficha kicheko. Akanituma kikapu. Akatafuna yeye, akamsogezea, na yule dada akatupia punje mdomoni na ganda lake, akaanza kutafuna kama anayetafuna changarawe. Uso wake ulijikunja wote.

"Tema ganda, mwanangu," Kaaka akasema. "Hata mbuzi hali hilo."

Wakacheka wote wawili, na mama yangu jikoni nikamsikia akishusha pumzi. Wakaongea mambo mengi yasiyo na sindano ndani yake. Mvua, bei ya kahawa, mume yuko wapi. Halafu Kaaka akauliza, kama anayeuliza saa, "Una watoto?"

"Wawili. Wako kwa mama yangu."

"Uliwachoma?"

"Kwa mkono wangu huu. Wakapata joto, nikakesha nao. Kulipokucha wakadai uji."

"Kwa hiyo hilo joto unalijua."

"Nalijua, Kaaka. Linakuja na linaondoka. Ningekuambia siku ile kabla ya chochote. Nilikuwa na haraka."

Siku ya kliniki iliyofuata Kaaka alivaa gauni lake la Krismasi, akamfunga Mugisha kwenye mgongo wake mwenyewe, mama yangu akabaki kufuata nyuma kama mgeni. Hakupita njia ya mkato. Alipita ile ndefu inayopita mbele ya kila nyumba, polepole, anasalimia kwa sauti. Wanawake wakatoka milangoni kuangalia, halafu wakaanza kutafuta kanga za kubebea. Tulipofika kanisani nyuma yetu kulikuwa na msururu.

Mama Asimwe alikuja pia, kambeba mdogo wa marehemu Asimwe. Kaaka alipomwona akatoka kwenye nafasi yake, akampisha mbele. Mpaka Kaaka anafariki, kila alipokata ndizi, mkungu wa kwanza ulikwenda kwa Mama Asimwe, na hatukuwahi kuambiwa kwa nini.

Mugisha alipochomwa alipiga ukelele uliotoa njiwa kwenye paa la kanisa. Kaaka akampigapiga makalio, anacheka na kulia. "Lia! Lia sana! Anayelia yupo."

Surua ilizunguka pale kwetu wiki nyingi. Mugisha haikumpata.

Sasa nije kwa huyo Mugisha, maana ndiye aliyenifanya niandike haya. Ni mwanaume leo, anaendesha bodaboda Kimuli huko Kyerwa, ana mke na mtoto wa kike mwenye mashavu yaleyale. Juzi kanitumia kwenye simu sauti ya mtu anayejiita daktari, anasema msichanje watoto, ni mpango, sambaza kwa watu wako wote. Nikampigia hapohapo.

"Mugisha, huyu ni mtoto wa nani?"

"Nani, Dada?"

"Huyu anayeongea! Kwao wapi? Nani anamjua?"

"Si ni daktari."

"Daktari wa wapi?"

"Ah Dada, na wewe. Kwani sisi mbona tulikua tu bila haya mambo?"

Tulikua tu! Nilimwacha mteja kasukwa upande mmoja, nikampa kitambaa ajifunge, nikapanda bodaboda mpaka Kimuli, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Njia nzima nilikuwa napanga matusi. Nilipofika nikamkuta mtoto kwenye mkeka anachezea kifuniko cha sufuria, ananicheka, na yale matusi sikuyaona tena. Nikamsimulia Mugisha hadithi hii yote, na Asimwe, na kale kajeneza, mambo ambayo hakuna aliyewahi kumsimulia. Aliangalia chini, akachezea funguo za pikipiki yake.

Mkewe alikuwa jikoni amesikia kila kitu. Akanong'ona, "Wifi, kliniki ni kesho asubuhi. Utalala?"

Nililala.

Enzi zetu uongo ulitembea kwa miguu. Ulikuwa na jina na kwao, ulipitia chemchemi na kanisani, na ukitaka kuuzuia ulijua nyumba ya kwenda kupiga magoti. Siku hizi unafika kabla ya jogoo, hauna uso, na hakuna wa kumkaribisha akae muulizane watoto. Nawahurumia akina mama wa leo. Mama yangu alikuwa na mkwe mmoja tu wa kumsubiri. Hawa wana simu nzima.

Asubuhi wifi yangu alimfunga mtoto mgongoni, tukatoka. Mugisha alikuwa amekaa kwenye pikipiki yake pale uani, hajaiwasha, macho kwenye simu. Hakusema nendeni, hakusema rudini. Tulipompita hakuinua hata uso.

"Mfunikeni vizuri," akasema. "Kuna baridi."