Shika Juu ya Fundo

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kichwa cha mtu. Patrone, ndivyo tulivyomwita bosi wetu, mwanamke mnene wa mtaa wa Jabe mjini Bujumbura aliyekuwa na saloni ya viti viwili nyuma ya soko, alinitupia mapajani furushi la uzi mweusi wa kusukia uliovurugika vibaya, akaniagiza niufumue bila kuukata. Nilikaa nao tangu asubuhi mpaka ikaadhiniwa adhuhuri. Nilikuwa msichana mwenye pupa, na nilikuwa nimekuja kwa sababu nilisikia wasusi hualikwa kwenye kila harusi. Hamu ya harusi ilinitoka siku hiyohiyo. Nilipoanza kuuvuta uzi kwa hasira, Patrone alinishika mkono.

"We Zuwena, usivute. Shika hapa juu ya fundo na mukono ya kushoto, halafu fungua kuanzia chini. Maumivu ibaki mu mukono yako, isifike ku kichwa ya mutu."

Wajukuu zangu wananiuliza siri ya nywele zenye afya na mng'ao, wakidhani nimeificha kabatini. Siri yenyewe ni hiyo, na mengine yote ni mafuta na subira. Tulianza na mafuta, tukaja kwenye chanuo, na maji yakawa ya mwisho. Mafuta yetu yalikuwa ya kokwa za michikichi, meusi, yenye harufu ya moshi, na ukijipaka mtaa mzima unajua. Unayapasha moto kidogo, unayapaka kwenye ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, kucha ziwe mbali. Unachana kwa chanuo la meno mapana, kutoka ncha kupanda kwenye mzizi, huku mkono mwingine umeshika juu ya fundo. Ndipo unaosha kwa sabuni laini, mara moja kwa juma inatosha, na unasuuza kwa maji baridi. Kabla hazijakauka unazisuka bila kukaza. Msuko unaomnyima mtu usingizi mimi siuiti urembo. Ukienda kulala, funga kitambaa laini, basi.

Kosa la watu wengi, hata wa leo, ni kuanza na maji. Nywele zilizosokotana zikilowa hujikaza kama kamba ya kisimani. Patrone alikuwa akisema anayeosha kabla ya kuchana anapika ugali kabla ya kuchemsha maji.

Baadaye nilihamia saloni moja ya katikati ya mji, chini ya mwanamke tuliyemwita Madamu Jeranti, yaani msimamizi. Huko kulikuwa na makaski, zile kofia kubwa za umeme za kukaushia nywele, na dawa kali za kunyoosha zilizotoka nje. Wake za wakubwa walitoka pale wananukia, na baada ya muda wanarudi ngozi imeungua. Madamu alikuwa akiniambia nitabasamu na nifanye haraka. Kutabasamu niliweza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozidi, dawa hazikuingia tena, umeme ukawa wa kubahatisha, na Madamu akafunga mlango akaenda Ulaya. Nikarudi Jabe kwa Patrone. Alinicheka wiki nzima, kisha akanipa kiti changu.

Miaka ile mitaa ya Bujumbura ilikuwa imegawanyika kikabila, na kulikuwa na njia ambazo mtu hakuthubutu kuzipita. Patrone aliweka sharti moja tu: kiti chake hakimuulizi mtu ametoka mtaa gani. Wanawake ambao nje wasingesalimiana walikaa bega kwa bega, vichwa vikinuka mafuta yaleyale. Tulifunga mapema ili kila mmoja awahi nyumbani kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku.

Mteja wangu mmoja alikuwa Espérance, mwalimu wa shule ya msingi. Mumewe, Déo, aliendesha lori dogo la kuleta bidhaa kutoka Gatumba, mpakani mwa Kongo. Ijumaa moja nilimsuka Espérance kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wao, uliokuwa Jumapili. Déo alikuja kumchukua. Alisimama mlangoni, akashika msuko mmoja kati ya vidole vyake, akatabasamu.

"Umependeza sana. Usizifumue mpaka nirudi."

Ulikuwa utani wa mtu na mkewe. Alikwenda Gatumba asubuhi ya pili yake na hakurudi. Lori halikuonekana, wala yeye, wala mtu aliyemwona.

Espérance hakuja saloni tena. Nilimwona njiani mara chache, kichwa amekifunga kitambaa, akinisalimia kwa mbali. Zaidi ya mwaka ulipita. Ndipo siku moja mama mkwe wake akamleta. Ukoo ulikuwa umeamua kufanya kuganduka, sherehe ya Warundi ya kumaliza msiba, ambapo mjane anavua huzuni mbele ya watu na kurudi katika maisha. Sherehe ilikuwa Jumamosi ile. Mama mkwe alikuwa amejaribu kumwosha kwa sabuni ya kufulia, na nywele zote zikashikana zikawa kitu kimoja kigumu kama mkeka. Alikuwa mwanamke mpole, aliyechoka. Alisema mwanawe hatarudi, na hawezi tena kumtazama mkwewe katika hali ile. Akaomba anyolewe.

Patrone alichukua mkasi. Espérance akashika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Aliniambia nisizifumue," akasema. "Mi nilimuitikia."

Patrone aliuweka mkasi chini, akanitazama mimi. Nikachuchumaa mbele ya Espérance. Nilimweleza kwamba nimeona vidonda chini ya lile fundo, na kwamba zikiachwa hivi zitakatika zote, hata ule msuko alioushika Déo. Nikamwambia nitazifumua bila mkasi na kumwachia kila unywele unaotaka kubaki. Mwishowe akashusha mikono yake kichwani.

Nilikuwa nimeshayavulia maji nguo. Nilimlowesha kwa mafuta meusi, nikamfunga kitambaa, nikamwambia arudi kesho. Siku zilizofuata alikuja kila alipotoka shuleni, nami nikamfungua fundo baada ya fundo, kwa vidole kwanza, kisha kwa ncha ya kijiti, chanuo mwishoni. Mama mkwe alikaa karibu na mlango na rozari yake. Mkono wangu wa kushoto ulikufa ganzi, na Espérance hakulia hata mara moja. Mpaka Alhamisi, alipoinamisha macho akaona rundo la nywele mapajani mwake.

"Dada, zinaisha. Zote zinaisha."

"Apana," nikamwambia. "Hizi zilishakufa zamani. Kila siku kichwa inaachaka zingine, ndiyo kawaida yake. Zako zilikosa njia ya kuanguka, zikabaki zimeshikwa na zile nzima. Ndiyo maana nzima zinaumia."

Wallahi nilikuwa nasema habari za nywele tu. Lakini rozari mlangoni ilinyamaza. Espérance aliokota kidogo ya zile nywele, akazinyoosha juu ya goti lake, na machozi yakaanza kumtoka, ya mwaka mzima na zaidi. Mimi nilibaki nimeshika juu ya fundo.

"Basi zitoe, dada," akasema. "Zitoe polepole."

Nilimaliza Ijumaa. Nywele zilizobaki zilimfika mabegani, nyembamba lakini hai, na mafuta yalizifanya zing'ae. Kwetu nywele zilizotoka hazitupwi ovyo, tunazichoma au kuzifukia. Nilipozikusanya, mama mkwe alinyoosha mikono yake.

"Mutoto yangu alizishika hizi," akasema. "Nipe mi."

Walizifunga katika kitambaa cheupe, na Jumamosi, mbele ya ukoo, wakazifukia uani kwao, wakaweka jiwe na maua. Hawakuwa na mwili wa kuzika. Tangu siku ile wamekuwa na mahali pa kusimama.

Patrone amekwishafariki, Mungu amrehemu. Mimi niliacha kazi viungo vya vidole vilipovimba. Sina malalamiko, ila nawaomba wasusi vijana wapunguze haraka, na wasimcheke mtu anayekaa kitini na kichwa kibaya, maana hawajui kimeshika nini.

Mwaka jana nilifiwa na mume wangu. Nilikaa eda, kama sisi Waislamu tunavyofanya. Kuchana nywele hakukatazwi, ila mimi sikuwa na moyo, na zilisokotana chini ya mtandio. Eda ilipokwisha, Espérance alikuja, naye siku hizi ana mvi, na chupa ya mafuta meusi mkobani. Alinikalisha mkekani, akakaa nyuma yangu. Tuliongea habari za watoto, za mvua, za bei ya dagaa. Nilikuwa nimekaza shingo, nikingoja maumivu.

Nikamuuliza ataanza lini.

"Nimemaliza, dada," akasema.