Udi Kabla ya Sambusa

Hata kuandika naona haya, lakini mtaa wetu mzima hapa Nizwa, Omani, unajua, basi na daftari langu nalo lijue.

Tulikuwa bado wageni, tumehamia kutoka Dar, na jirani hata mmoja hajaingia kwetu, jambo lililokuwa likimliza mama kimyakimya. Basi aliporudi shangazi Rahma kutoka China, alikokuwa mumewe akifanya kazi ubalozini, mama akapata kisingizio, akawaalika wanawake waje kusikia habari za huko, na wakaja, mpaka Ummu Said, mke wa shekhe, na Salma anayemfulia, aliyekaa mlangoni penye viatu.

Shangazi akasimulia (kwa Kiarabu, mimi nyuma ya pazia nikifuata nusunusu) kwamba zamani kule wote walivaa buluu na kupanda baiskeli, sasa wengine wana friji na televisheni ya rangi, wengine wamebaki na baiskeli ileile. Akaja kwa Bi Lan, mtumishi wake. Mdogo wake Bi Lan kafungua genge la maandazi ya nyama, katajirika, anamwoza binti yake hotelini, na Bi Lan hana nguo ila ile buluu ya kazi. Aende, asiende? Wanawake wameacha hata kujipepea.

Mimi nanusa samaki wetu wa kukaanga wa mchana tu, naona tutachekwa. Kwetu Dar mgeni hufukizwa akifika, basi mama akiwa jikoni kageukia mafuta ya sambusa nikatia udi kwenye makaa, nikaingia na chetezo, macho chini, nikaanzia kwa Ummu Said. (Nani angeniambia kuwa huku udi ndio kwaheri, ukishapita hakuna kukaa?) Akajifukiza polepole, akatuombea kheri, akainuka. Wakainuka wote. Mama akatokea na sinia la sambusa, akakuta viatu havipo.

“Zuweina, umewafukuza wageni wangu?”

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia.

Kesho yake alasiri, hodi. Ummu Said, na Salma nyuma yake.

“Sikulala mimi. Yule Bi Lan alikwenda?”

“Alikwenda,” akasema shangazi. “Akakaa mlangoni. Mdogo wake akaiacha meza ya wakubwa, akaenda kukaa naye.”

Ummu Said akamvutia Salma sahani ya sambusa (za jana, mama kazipasha), akamwambia asogee, mbona yuko mbali.

Wanakuja kila wiki sasa. Nami nimeapa, chetezo sikigusi mpaka niitwe. Na huitwa kweli: mgeni akizidi kukaa, baba hukohoa akasema, “Zuweina, mwanangu, hakuna udi humo ndani?”