Siku Japhet Alipomzika Mzee Ildefonsi kwa Mdomo

Mzee Ildefonsi alisikia habari za kifo chake mwenyewe kwenye kipaza sauti, akiwa amekaa mstari wa mbele, mzima kabisa, anatafuna karanga.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba 2014. Kampeni za serikali za mitaa zilikuwa zimepamba moto hata huku kwetu upande wa Busunzu, na kwa kuwa mvua zilikwisha anza, watu walitoka shambani na matope yao miguuni wakaenda moja kwa moja uwanja wa shule. Aliyekuwa akihutubia ni Japhet, mgombea uenyekiti wa kijiji. Japhet alikuwa katibu wa chama cha kufa na kuzikana, na kwa miaka mingi ndiye aliyesoma wasifu katika kila mazishi: alizaliwa wapi, aliacha watoto wangapi, alikuwa mtu wa namna gani. Hata siku hiyo alitoka makaburini akapanda jukwaani, na udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye viatu vyake.

"Ndugu zangu, mimi sina maneno mengi," alisema. "Bonde la Kanyinya halikodishwi. Nitalilinda kama alivyolilinda marehemu mzee Ildefonsi..."

Kelele zilizolipuka pale sijawahi kuzisikia hata kwenye mpira. Wanawake walijishika vichwa. Vijana walirukaruka kwa kicheko. Mtu mmoja alipiga ukelele, "Yewe Japhet, umemuua mzee!" Japhet alikuwa bado anasogeza midomo, sentensi yake inaendelea, lakini kelele ziliimeza. Alipoona watu wote wamegeuka kumtazama mzee Ildefonsi, naye akamtazama. Ndipo kipaza sauti kikamtoka mkononi.

Mzee Ildefonsi hakucheka. Alizitema karanga, akasimama, akaondoka.

Hakuwa mtu wa kutajwa majukwaani. Ujana wake ulipita kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga, akarudi na redio moja na kikohozi. Akamwoa Verediana. Wakajenga kilimani kwa baba yake, kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini, wakavunja nyumba na kupangwa kando ya barabara pamoja na wengine. Katika yote aliyorithi, kilichobaki ni kipande kule bondeni Kanyinya, chini ya chemchemi, ambapo kiangazi kinapokausha milima yote Verediana hupanda maharage na nyumba yao ikala. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyelitaja jina lake mbele ya watu. Na siku lilipotajwa, likatajwa hivyo!

Kesho yake, kabla jua halijapanda, walisikia kilio barabarani. Kilikuwa kilio cha mwanamke anayeita baba yake, na kilikuwa kinakuja. Mzee Ildefonsi alitoka na jembe begani, akamwona binti yake Elieth, anayeuza vitambaa sokoni Kasulu, amejifunga kanga kiunoni, anatupa mikono angani, na nyuma yake wanawake wa mtaa wamekwisha jiunga.

"Data we! Data umeniacha na nani!"

"Nimekuacha na nani wapi?" alisema mzee.

Elieth alikaa chini palepale kwenye matope. Alimshika baba yake miguu yote miwili, akaipapasa kama mtu anayenunua mbuzi. Kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na wanawake wale wakageuza kilio kikawa vigelegele, na jirani aliyekuwa amebeba kuni za msibani akauliza kama azitue au arudi nazo.

"Nilipigiwa simu," Elieth alieleza, anahema. "Wameniambia Japhet ametangaza mkutanoni. Japhet ndiye anayetangaza misiba yote, ningebisha nini? Zaitun wa duka la jirani ndiye aliyenifungia mzigo, mimi mikono ilikuwa haishiki kitu." Kisha uso ukambadilika. "Mtu huyo asipate hata kura moja. Hata moja, mama!"

Verediana alikuwa anamenya mihogo. Akaendelea kumenya.

Jioni Japhet alikuja. Alibeba mtungi wa pombe ya ndizi kichwani mwenyewe, mtu mzima, mgombea, watu wanamtazama njia nzima. Aliutua uani, akachomeka mirija mitatu, akachuchumaa. Huku kwetu kila mtu alijua maana yake: aliyekosa analeta, aliyekosewa akinyonya mrija yameisha, na mtungi mmoja hauwezi kunywewa na watu wenye neno.

"Mzee wangu," Japhet alisema, "ulimi ulikuwa bado uko makaburini. Nilikuwa nimesema neno lile tangu asubuhi. Nisamehe."

"Ulimi wako umemtoa mwanangu Kasulu analia," alisema mzee. "Rudi na mtungi wako."

"Baba Elieth..."

"Nimesema."

Hapo Elieth akaingilia, amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mimi nikuulize, kaka Japhet. Kazi ya mwenyekiti si maneno? Utakwenda wilayani kututetea, utasimama mbele ya wakubwa, halafu useme nini? Umuulize mkuu wa wilaya amezikwa lini?"

Japhet aliinamisha kichwa. Kwa kweli swali lile lilikuwa na haki yake. Verediana akaweka kisu chini, akanawa mikono, akaja akachuchumaa mbele ya mtungi. Akachukua mrija. Akanyonya.

"Verediana!" mzee aliruka.

"Kunywa, Japhet," alisema Verediana, naye Japhet akanywa. Kisha Verediana akamwinulia mumewe macho. "Wewe ulisikia neno moja, ukaondoka. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya spika. Nilisikia yote."

"Yote yapi?"

"Alisema: kama alivyolilinda Ildefonsi, aliyekaa peke yake pale chemchemi na jembe lake siku wafyatua matofali walipokuja kuchimba udongo. Akasema kama si yeye, leo Kanyinya ingekuwa mashimo. Ndivyo alivyosema. Watu walikuwa wanapiga makelele tu."

Mzee Ildefonsi alibaki amesimama. Siku ile ya wafyatua matofali ilikuwa zamani sana. Alikaa kwenye tope tangu asubuhi mpaka wakachoka naye wakaondoka, akarudi nyumbani na homa, na hakuna mtu aliyekuja kumwambia ahsante. Alidhani hakuna aliyeona.

"Wewe ulijuaje?" alimuuliza Japhet.

"Nilikuwa nachunga mbuzi upande wa pili," alisema Japhet. "Nilikuona."

Mzee aliingia ndani. Hakunywa, lakini mtungi pia hakuufukuza tena.

Usiku ule Verediana hakumwacha alale. "Leonidasi umewahi kumsikia akikosea?"

"Hajakosea hata mara moja. Anaongea kama redio."

"Na bonde amesema atalifanya nini?"

Mzee alifikiri. Alikumbuka hotuba zote za Leonidasi, mgombea wa pili, mfanyabiashara wa maharage mwenye maneno yaliyopigwa pasi. Alikumbuka barabara, umeme, vijana, akina mama, amani, upendo. Kuhusu bonde hakukumbuka kitu. Uvumi ulikuwepo wa gari jeupe lililoonekana Kanyinya na watu wenye viatu virefu wakipima. Alijigeuza upande wa pili, usingizi umekwisha.

"Basi muulize," alisema Verediana. "Mimi nikiuliza watasema ni maneno ya mwanamke anayetetea maharage yake."

"Si kweli?"

"Kweli tupu. Ndiyo maana uulize wewe."

Siku ya kufunga kampeni wagombea wote wawili walipewa uwanja mmoja, mchana mmoja, na kijiji kizima kilikuja. Watu wa Leonidasi walikuwa wajanja: walimfuata mzee Ildefonsi nyumbani, wakamwekea kiti cha plastiki mbele kabisa ili aonekane. Elieth, ambaye alikuwa amegoma kurudi Kasulu mpaka kura zipigwe, alisimama nyuma ya kiti kile kama askari.

Leonidasi alianza taratibu, akapanda, akapanda. Alimwonyesha mzee kwa mkono wote. "Huyu hapa! Mnamwona? Anapumua! Ndugu zangu, mtu asiyejua nani hai na nani amekufa, atawaongozaje walio hai?"

Uwanja ulipasuka. Vuvuzela zililia. Hata mzee Ildefonsi alicheka. Utani ulikuwa mzuri, na aliyetaniwa hakuwa yeye. Alipocheka alimwona Japhet upande wa pili, ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Msimamizi akauliza kama kuna maswali.

Miguu ya mzee ilisimama kabla hajaamua. Uwanja ulinyamaza ghafla, kwa maana hakuna aliyewahi kumwona Ildefonsi akishika kipaza sauti. Alikishika karibu mno, kikapiga mluzi, akakisogeza mbali.

"Mimi nina swali dogo. Bonde la Kanyinya. Utalikodisha au hutalikodisha?"

Leonidasi alitabasamu. "Ahsante sana mzee wangu kwa swali zuri. Suala la bonde ni suala mtambuka. Tutalitazama kwa jicho la maendeleo, kwa njia shirikishi, tukizingatia maslahi mapana ya..."

"Nimeuliza utalikodisha au hutalikodisha."

"Mzee wangu, usiwe na haraka. Tutakaa na wadau wote, akiwemo mwekezaji, tukaona namna bora ya..."

"Mwekezaji gani?" Hii ilikuwa sauti ya Verediana, kutoka katikati ya wanawake. Na nyuma yake nyingine, na nyingine, mpaka swali lile likawa wimbo: mwekezaji gani, mwekezaji gani, wanawake wanapiga makofi kwa mdundo wake, wale wote wanaopanda kiangazi Kanyinya, ambao walikuwa wamecheka wiki zote hizo na sasa hawacheki. Leonidasi alizidi kuongea. Alitaja fursa. Alitaja ajira. Hakukosea neno hata moja, na kila neno lililotoka lilikuwa safi, lakini jibu halikuja.

Mzee Ildefonsi alisubiri, kisha akageukia upande wa pili.

"Na wewe?"

Japhet alisogea. "Halikodishwi," alisema. "Likikodishwa mikononi mwangu, nitoeni. Njooni nyumbani kwangu mnitoe." Akavaa kofia yake. "Basi. Kura zenu naziomba Jumamosi."

"Jumapiliii!" uwanja mzima ulimrudishia kwa pamoja, na safari hii kicheko kilikuwa cha nyumbani, cha watu wanaomcheka ndugu yao. Japhet alijipiga paji la uso. Elieth alijitahidi kukaza midomo, ikamshinda.

"Hajui hata siku," alimnong'oneza baba yake.

"Siku tutamkumbusha," alisema mzee. "Yule mwingine tungemkumbusha nini, na hajasema kitu?"

"Lakini data, nililia kweli. Njia nzima."

"Najua, mwanangu. Hilo lake nitamdai. Ila nitamdai nikiwa na shamba."

Jumapili ile waliotoka kanisani hawakupitia nyumbani. Foleni ilizunguka darasa mara mbili, mvua ikaja ikapita, hakuna aliyetoka kwenye mstari. Mzee Ildefonsi alipiga kura, akaenda akasimama chini ya upenu wa shule na hakuondoka hapo mpaka kuhesabu kulipoanza. Kila karatasi ilipoinuliwa na jina kusomwa, shingo yake ilirefuka. Leonidasi. Japhet. Japhet. Leonidasi. Leonidasi tena. Verediana alimfinya mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Wagombea walikwenda bega kwa bega hivyo hivyo mpaka fungu la mwisho. Kisha majina yakaanza kuwa jina moja. Kabla msimamizi hajamaliza kutangaza, wanawake wa Kanyinya walikuwa wamekwisha mnyanyua Japhet, kiatu kimoja kimemtoka, na vigelegele vilisikika mpaka barabara kuu.

Mzee Ildefonsi alipenya katikati yao kwa viwiko. Alimfikia Japhet akiwa bado anaelea juu ya mikono ya watu, akamshika mguu usio na kiatu.

"Kesho asubuhi bondeni," alipaza sauti. "Njoo na jembe! Hotuba iache nyumbani!"

Alikuja. Na hakuja peke yake. Mzee na mkewe waliposhuka Kanyinya, ukungu bado haujainuka, walisikia kwanza sauti za majembe kabla ya kuona watu. Nusu ya kijiji ilikuwa pale, imebeba miche ya minyaa, inapanda mpaka kuzunguka chemchemi na mashamba yote ya chini, kusudi gari lolote jeupe litakalokuja likute uzio umeshika mizizi. Hata baadhi ya waliompigia Leonidasi walikuwepo. Nao wana mashamba yao mle. Elieth alikuwa amefunga mzigo wa kurudi Kasulu, akautua juu ya jiwe, akapandisha gauni, akaingia kwenye tope.

"Mwenyekiti!" alipiga kelele Verediana, amekwisha fika kwenye mstari, ananyoosha kidole. "Mbona mpaka unapinda? Unamwachia nani hiyo sehemu? Ng'oa hapo, anza upya!"

Japhet akang'oa, akaanza upya.